Barua kwa mwanangu kuhusu Joseph Smith na mkewe Emma

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia kabla ya kushika kalamu. Umeniambia kijana wako ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao ambao wengi tunawaita Wamormoni, na kwamba angependa mfunge ndoa katika hekalu lao la Nairobi. Mchungaji amekwambia mwanzilishi wao, Joseph Smith, alikuwa tapeli aliyejirundikia wake. Kijana wako anasema alikuwa nabii aliyeuawa kwa ajili ya imani. Nawe unauliza: "Mama, nani anasema kweli?"

Kila mmoja amekupa kipande, mwanangu. Nimefundisha historia karibu maisha yangu yote, na nikitaka kumjua mtu aliyesifiwa sana au kulaumiwa sana, humtafuta aliyeishi naye nyumba moja. Kwa Joseph Smith huyo ni mkewe, Emma Hale. Nitakusimulia kwa kumfuata Emma, maana hata wewe unakwenda kuwa mke wa mtu.

Joseph alizaliwa tarehe 23 Desemba 1805 huko Vermont, Marekani, kwa wakulima ambao kila walipojaribu kusimama mambo yaliwaendea mrama. Mwaka 1816 majira ya joto hayakufika, baridi ikaua mazao, nao wakahamia Palmyra katika jimbo la New York. Eneo lile lilikuwa limewaka moto wa uamsho. Wamethodisti, Wabaptisti na Wapresbiteri waligombania waumini. Joseph alikuja kusimulia kwamba mwaka 1820, akiwa na miaka 14, aliingia msituni kuomba ajue kanisa lipi ni la kweli, akatokewa na Mungu Baba na Yesu Kristo. Simulizi aliyoiandika mwaka 1832 inamtaja Bwana mmoja tu, ile ya 1838 inataja wawili, na wapinzani wake hung'ang'ania hapo. Mimi hapo sipang'ang'anii. Mtu hulisimulia jambo zito la maisha yake kwa namna tofauti kadiri anavyokua. Wala kijana kupata maono si kitu kigeni kwetu. Jirani zetu wa Kongo wanamkumbuka Simon Kimbangu wa mwaka 1921.

Ninaposita ni kwenye habari ya jiwe. Watu wa vijijini huko waliamini kuna hazina zilizofukiwa vilimani, na Joseph aliajiriwa kuwaonyesha pa kuchimba. Alikuwa na jiwe la kahawia lenye umbo la yai, lililopatikana wakati wa kuchimba kisima. Alilitia ndani ya kofia, akazamisha uso humo mwanga usipenye, akasema anaona vilivyofichika. Mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu kwa shughuli hiyo. Usidhani ni uzushi wa maadui: mwaka 2015 kanisa lenyewe lilichapisha picha ya jiwe hilo.

Kazi ya kusaka hazina ndiyo iliyomfikisha Harmony, Pennsylvania, mwaka 1825, akakaa kwa mzee Isaac Hale, mwindaji. Mzee alikuwa na binti, Emma, mrefu, mwenye nywele nyeusi, aliyewahi kufundisha shule, mkubwa kwa Joseph kwa mwaka na miezi. Joseph akaposa, mzee akakataa katakata. Hakutaka binti yake aolewe na kijana mgeni asiye na kazi ya kueleweka. Tarehe 18 Januari 1827 wakaoana bila ridhaa yake, mzee akiwa hayupo nyumbani.

Septemba mwaka huohuo, usiku, Emma alipanda gari la farasi pamoja na mumewe hadi karibu na kilima kisicho mbali na kwao Palmyra. Yeye akabaki garini. Joseph akapanda kilimani, na baadaye akasema malaika Moroni, ambaye kwa maelezo yake alikuwa amemtokea tangu 1823, amemkabidhi mabamba ya dhahabu yenye maandishi ya kale. Waliporudi Harmony, mzee Hale alipewa sanduku alinyanyue aone uzito wake, ila asifungue. Akasema kama ndani ya nyumba yake kuna kitu asichoruhusiwa kukiona, basi kiondolewe. Namwelewa sana mzee yule. Mzazi akiambiwa "pima uzito lakini usitazame", lazima moyo umwende mbio.

Emma aliandika kwa mkono wake tafsiri ya mabamba hayo, mumewe alipokuwa akiitoa kwa imla. Uzeeni, mwaka 1879, alimweleza mwanawe kwamba mabamba yalikaa mezani yakiwa yamefungwa kwa kitambaa cha kitani. Alipofanya usafi aliyasogeza, na akiyapapasa juu ya kitambaa alisikia kingo zake zikitoa mlio wa chuma, mithili ya mtu apitishaye kidole gumba kwenye kurasa za kitabu. Hakukifunua kitambaa hata siku moja. Alisema pia kwamba Joseph wa siku zile hakuweza kutunga hata barua iliyonyooka, sembuse kitabu kizima. Ushahidi huo nauheshimu, kwa sababu utaona mbele kwamba Emma alikuwa na kila sababu ya kumkana mumewe, na kwa hili hakumkana.

Juni 1828 Emma alijifungua mtoto wao wa kwanza, mtoto akafa siku hiyohiyo, na mama mwenyewe akawa mahututi. Wakati huohuo mkulima mmoja mwenye mali, Martin Harris, alikuwa amechukua kurasa 116 za tafsiri akawaonyeshe ndugu zake, zikapotea moja kwa moja. Kazi ilianza upya mwaka 1829, mwandishi akiwa Oliver Cowdery. Harris akaweka shamba lake rehani kulipia uchapaji: nakala 5,000 kwa dola 3,000. Kitabu cha Mormoni kikatoka Machi 1830, na tarehe 6 Aprili kanisa likaanzishwa. Kitabu kinasimulia habari za jamaa waliotoka Yerusalemu miaka kama 600 kabla ya Kristo wakavuka bahari hadi Amerika, na Kristo mfufuka kuwatembelea huko. Wanaakiolojia walio nje ya kanisa hilo hawaikubali kama historia. Mimi pia siikubali, na nitamwambia kijana wako hivyo kwa adabu akiniuliza.

Mwaka 1831 wakahamia Kirtland, Ohio. Emma alijifungua mapacha, wakafa, akalea mapacha wa mama mwingine aliyefariki wakati wa uzazi. Usiku wa Machi 1832 genge la watu lilimburuta Joseph kitandani, likampaka lami na kumbandika manyoya. Mtoto mmojawapo wa wale wa kulea, aliyekuwa akiugua surua, akapigwa na baridi mlango ulipofunguliwa, akafa siku chache baadaye.

Ile sheria yao ya kutokunywa kahawa, chai wala pombe, na kutovuta tumbaku, ni ya Februari 1833. Brigham Young, aliyekuja kuliongoza kanisa baada ya Joseph, alisimulia kwamba wanaume walikutana kwa masomo katika chumba cha juu, wakavuta viko na kutema mate ya tumbaku sakafuni, na Emma ndiye aliyesugua sakafu hiyo. Malalamiko yake ndiyo yaliyomfanya Joseph aende kumuuliza Mungu. Kwa hiyo kijana wako akikataa chai kwetu sitanuna, nitamchemshia maziwa.

Yaliyowapata katika jimbo la Missouri nayataja ili mchungaji wetu naye ayajue. Waumini walifurushwa kaunti ya Jackson mwaka 1833, wakahamia kwingine, na uhasama ukaongezeka. Wao nao walichoma baadhi ya nyumba za wapinzani. Tarehe 27 Oktoba 1838 Gavana Lilburn Boggs akatoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Amri hiyo ilifutwa rasmi mwaka 1976 tu. Siku tatu baada ya amri kutolewa, pale Haun's Mill, makazi madogo ya waumini, waliuawa watu 17, akiwemo mtoto wa miaka 10. Joseph akafungwa jela majira yote ya baridi. Emma akavuka Mto Mississippi kwa miguu juu ya barafu akiwa na watoto wanne, na hati za mumewe zikiwa ndani ya mifuko aliyoifunga chini ya sketi. Watu hawa waliteswa kwelikweli, mwanangu. Anayewacheka hajausoma ukurasa huo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi tangu ujumbe wako ulipofika.

Huko ng'ambo ya mto, katika jimbo la Illinois, walijenga mji wa Nauvoo, wakawa maelfu. Machi 1842 kikaanzishwa chama cha kina mama, Emma akiwa rais wake wa kwanza. Na wakati Emma akiwasimamia kina mama, mumewe alikuwa akiwaoa baadhi yao kwa siri. Kanisa lenyewe lilikiri mwaka 2014 kwamba wake wa Joseph, kwa makadirio ya makini, ni kati ya 30 na 40. Baadhi walikuwa tayari wana waume. Mdogo kuliko wote alikuwa hajatimiza miaka 15. Tazama kisa cha mabinti wawili, Emily na Eliza Partridge, waliokuwa yatima wa baba na wakiishi nyumbani kwa Emma kama wasaidizi. Joseph aliwaoa wote wawili Machi 1843, Emma asijue. Miezi miwili baadaye Emma, baada ya kubembelezwa sana, akakubali mumewe aoe, akawachagua haohao. Joseph hakumwambia. Ndoa ikafungwa mara ya pili mbele ya Emma kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Mwanangu, uke wenza naujua. Bibi yako aliolewa wa pili, na mke mkubwa alijua na alishirikishwa. Ninachokisema hapa ni mke kufanyiwa sherehe ya uongo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Julai mwaka huo Joseph akatoa ufunuo ulioandikwa, unaomwamuru Emma kwa jina lake akubali, la sivyo ataangamizwa. Kaka yake Joseph, Hyrum, aliupeleka kwa Emma akidhani atamlainisha, akarudi akisema hajawahi kusemwa vikali namna ile. Na Mei 1844 Joseph alisimama hadharani akasema anatuhumiwa kuwa na wake saba ilhali yeye anamwona mmoja tu.

Naamini Joseph aliuamini wito wake. Tapeli mtupu angekimbia zamani, kule kwenye lami. Lakini nabii akitaka siri kwa mkewe na ukweli kwa wengine, mimi siwezi kumfuata.

Mwisho wake ulikuja haraka. Watu waliojitenga naye walichapisha gazeti tarehe 7 Juni 1844 na kuianika siri hiyo. Baraza la mji, Joseph akiwa meya, likaamuru mtambo wa kuchapia uvunjwe. Akakamatwa, akapelekwa jela ya mji wa Carthage, na tarehe 27 Juni kundi la wenye silaha, nyuso zimepakwa masizi, likavamia. Hyrum, aliyekuwa naye jela, alikufa kwanza. Joseph alifyatua bastola ndogo aliyopenyezewa, akapigwa risasi, akaanguka kutoka dirishani. Alikuwa na miaka 38, na Emma alikuwa mjamzito.

Wengi walimfuata Brigham Young, wakafika bonde la Salt Lake, Utah ya leo, Julai 1847. Emma hakwenda. Alibaki Nauvoo, akaolewa na mwanamume mwingine, na hadi kufa alikana mbele ya wanawe kwamba baba yao aliwahi kuwa na mke mwingine, huku akishikilia kuwa Kitabu cha Mormoni kimetoka kwa Mungu. Mwanawe mkubwa aliongoza tawi jingine la kanisa tangu 1860. Wa Utah walitangaza uke wenza waziwazi mwaka 1852, na mwaka 1890 rais wao akatoa tamko la kuuacha. Leo anayeoa wake wawili hufukuzwa, kwa hiyo hapo usiwe na hofu.

Lipo jingine linalotuhusu kwa rangi yetu. Mwaka 1836, Joseph akiwa hai, Mwafrika Mmarekani Elijah Abel alipewa ukuhani. Brigham Young akaufungia watu weusi mwaka 1852, na mlango haukufunguliwa hadi Juni 1978. Kanisa ambalo leo lina mahekalu Kinshasa na Nairobi lilimkatalia babu yako ukuhani kwa ngozi tu. Kijana wako anasemaje juu ya hilo? Muulize, na usikilize asichokisema pia.

Sikukatazi. Ulivyonieleza tabia yake, anaonekana mtu wa kazi na wa sala. Lakini mzazi asiye muumini haingii hekaluni, hata kwa ndoa ya mwanawe, na mimi sitaki kukaa nje ya ukuta siku unapoolewa. Tangu 2019 kanisa lao linaruhusu maharusi wafunge ndoa ya kiserikali mbele ya jamaa wote, kisha waende hekaluni bila kungoja mwaka mzima. Mzungumze hilo kabla ya mshenga kuja. Baba yako anasema mwisho wa mwezi ujao panafaa, na baba yako mkubwa atakuwepo. Nijulishe mapema watakuja wangapi ili nipange malazi.

Mama yako akupendaye.