Waya umechomekwa, lakini vifaa havijaunganika

SWALI: Naandaa maelekezo kwa walimu wenzangu kuhusu kutumia kompyuta mpakato na runinga darasani. Niliandika: "Unganisha waya wa HDMI kwenye kompyuta, unganisha kwenye runinga, picha isipotokea, ondoa waya uunganishe tena." Mwenzangu amefuta kila "unganisha" akaweka "chomeka". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kuhusu waya, mwenzako yuko sahihi. Ila "unganisha" isifutwe kabisa, bado ina kazi yake.

Kuchomeka ni kuingiza kitu mahali kikazama na kushika: kisu kiunoni, ua nyweleni, waya kwenye tundu lake. Kuunganisha kunataka vitu viwili. Unaunganisha kompyuta na runinga, kwa waya wa HDMI, baada ya kuuchomeka kwenye matundu ya pande zote mbili. Angalia maneno hayo madogo, "na", "kwa" na "kwenye". Kila moja lina mahali pake.

Tofauti hii humsaidia hasa anayetafuta tatizo. Waya unaweza kuwa umechomekwa barabara na vifaa visiwe vimeunganika: umeuchomeka HDMI 2 huku runinga imewekwa HDMI 1, au kompyuta imepangwa kuonyesha picha kwenye kioo chake tu. Mwalimu aliyeambiwa "hakikisha imeunganishwa" atahangaika na waya mpaka kipindi kiishe. Mwandikie hivi: "Hakikisha waya umechomekwa pande zote mbili. Kwa rimoti, chagua HDMI yenye namba ya tundu ulilotumia. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague picha ionekane kotekote."

"Ondoa" nayo ni pana mno. Sema "chomoa". Kiswahili kina jozi nyingi za aina hii: bandika na bandua, funika na funua, anika na anua. Kwa kuwa mzizi wa chomeka una "o", tunapata -eka na -oa badala ya -ika na -ua. "Unganisha" haimo katika kundi hilo. Kinyume chake ni "tenganisha".

Tenganisha pia "umechomolewa" na "umechomoka". Wa kwanza kuna mtu aliyeuchomoa. Wa pili umetoka wenyewe. Ncha ya kawaida ya HDMI haina skrubu, tofauti na ya VGA, waya wa picha wa aina ya zamani, yenye mbili za kukazia, kwa hiyo meza ikisukumwa kidogo tu waya huchomoka. (Mkitumia VGA, kumbukeni kwamba haipitishi sauti, mtahitaji waya wa pili.)

Jambo la mwisho: andika "waya umechomekwa", usiandike "umechomeka". Kitenzi "choma" nacho huzaa "chomeka", kama katika "nyama imechomeka vizuri", na msomaji anaweza kudhani waya umeungua.