Umezidisha asidi na besi mara mbili, joto halijaongezeka?

Mdogo wangu, umesema ulichanganya asidi ya haidrokloriki na besi ya sodiamu haidroksaidi za moli 1 (moli ni kipimo cha wingi wa kemikali) kwa lita, mililita 50 kwa 50, joto likapanda digrii 5, ukaweka 100 kwa 100 likapanda vilevile 5 na kidogo, sasa unaona umekosea. Hujakosea kabisa. Nishati ya joto iliyotoka imekuwa mara mbili kweli, ila na maji ya kupashwa nayo yamekuwa mara mbili, ni kama chai, ukiongeza moto na maji kwa pamoja sufuria haichemki zaidi. Ukitaka digrii zipande ongeza ukolezi wa asidi na besi, yaani moli kwa kila lita, sio ujazo.

Ila hiyo 5 ni ndogo. Kila moli 1 ya maji yanayotengenezwa asidi na besi zinapoungana hutoa kama kilojuli 57, ukipiga hesabu unapata karibu digrii 6.8, zilizobaki zimekupotea kwenye bika ya kioo na hewani. Mimi nikiwafundisha vijana hapa Ngamiani natumia kikombe cha plastiki ndani ya kingine, kifuniko cha boksi kimetobolewa tundu la kipimajoto, na feni nazima hata kama tunatoka jasho. Mimina yote kwa mara moja, koroga, soma kila baada ya sekunde 10 mpaka uone imeanza kushuka.

Halafu pima jotoridi la asidi na la besi, kila moja peke yake, kabla ya kuchanganya, na hili tafadhali usilipuuze, maana hapa Tanga chupa iliyokaa dirishani asubuhi tu inakuwa vuguvugu.