Stempu za Babu, Laminesheni na Selotepu: Maswali Yenu Mwezi Huu

Maswali ya mwezi huu mengi ni ya karatasi za zamani, stempu, barua, magazeti, picha, na karibu kila aliyeandika alikuwa ameshikilia kitu cha kuziharibu mkononi akidhani anaziokoa. Nimechagua manne.

Shikamoo dada. Babu alikuwa karani wa posta enzi za Afrika Mashariki, kafariki katuachia boksi la viatu limejaa stempu na bahasha, zipo za Uhuru wa Tanganyika 1961 na za Zanzibar zenye chapa ya Jamhuri 1964. Nataka nizibandue kwenye bahasha, nizioshe vizuri kwa sabuni, halafu nizipige laminesheni zote kama nilivyofanya cheti changu cha fom foo. Niendelee? (Mjukuu, Tanga)

Marahaba, pole kwa msiba. Usiendelee. Hata hapo stesheneri usifike.

Laminesheni ya mtaani ni nailoni mbili zenye gundi kwa ndani, mashine inazipasha joto la zaidi ya digrii 100, gundi inayeyuka inaingia ndani kabisa ya nyuzi za karatasi. Ikishapoa ndo basi. Ukitaka kuitoa utatoka na karatasi yenyewe. Na mtu anayenunua stempu haangalii sura tu, anaigeuza nyuma aone gundi ya asili, anaimulika aone alama ya maji iliyomo ndani ya karatasi, anahesabu vitobo vya pembeni. Hivyo vyote umeshavizika ndani ya plastiki, kwa hiyo umelipa hela ili stempu iwe haiuziki.

Usidhani ni kosa la wasiojua. Kule Marekani, miaka ya 1930, William Barrow alibuni njia ya kuziba nyaraka kwenye plastiki iitwayo seluloz asitati kwa joto, na maktaba na nyumba za kumbukumbu zenye wataalamu wao wakapeleka karatasi zao adimu kwa furaha, miaka ikapita ile plastiki ikaanza kuoza na kutoa asidi, watu wakajikuta wanazilowesha nyaraka kwenye asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, kuitoa safu kwa safu. Na ile ya Barrow angalau asetoni inaiyeyusha. Ya stesheneri yako asetoni haiiwezi.

Sasa kubandua. Aisee, bahasha ya babu yenye muhuri unaosomeka, posta gani na tarehe ngapi, mara nyingi ina maana kuliko stempu iliyobanduliwa, maana ndo inaonyesha barua ilitoka wapi ikapita wapi. Iache nzima. Hizo za Jamhuri 1964 ndo kabisa, nyingine zilipigwa chapa kwa mkono siku chache tu baada ya Mapinduzi na za kughushi zimejaa, kwa hiyo bahasha yenye muhuri wa posta wa siku zile ni sehemu ya ushahidi wako.

Kuosha na sabuni nako sahau. Maji matupu tu yenyewe yana hatari, kwa sababu kiwanda cha De La Rue cha London kilichapa stempu nyingi za makoloni kwa wino uliotengenezwa makusudi uvuje ukilowa, hasa zambarau na kijani, ili mtu asifute muhuri akaitumia stempu mara ya pili. Ukiiweka stempu kama hiyo kwenye beseni unaitoa imepauka, na rangi hairudi. Tafuta albamu ya wakusanya stempu, ile yenye vimfuko vya kuchomeka, shika stempu kwa kikoleo chenye ncha bapa, vidole vina mafuta. Bahasha weka kwenye mifuko angavu ya plastiki ya poliesta. Kwa kuanzia hiyo inatosha, mengine babu alishakufanyia kwa kutozigusa miaka yote hiyo.

Mambo dada, nina barua za mama alizomwandikia baba akiwa kazini Mombasa, zimechanika kwenye mikunjo. Nimeziunga na selotepu nyuma lakini imeanza kuwa njano, je niibandue niweke mpya? (Msomaji, Voi)

Usibandue, na mpya usiweke. Kwanza tulia.

Gundi ya selotepu haikai pale ulipoiweka. Mwanzo inanata juu juu, baadaye inalainika na kuzama kwenye karatasi, inageuka njano, kisha kahawia, mwisho ile nailoni inadondoka yenyewe inakuachia doa ambalo linapitiliza hadi upande wenye maandishi. Ukivuta sasa hivi utang'oa na wino wa mama. Kama inakupa moyo, wasomi waliokuwa wanaunganisha vipande vya Magombo ya Bahari ya Chumvi miaka ya 1950, maandishi ya kale ya Kiyahudi ya miaka kama 2000 hayo, walitumia selotepu hiyo hiyo tena dirishani kwenye mwanga, na wahifadhi wa Israel wamekaa miaka mingi wakiitoa kidogo kidogo. Wao wana maabara. Wewe una meza ya kulia chakula.

Kwa hiyo: kunjua kila barua ilale bapa, toa pini na stepo kwa uangalifu kabla hazijala kutu, ile raba bendi tupa kabisa, kisha kila barua ndani ya karatasi nyeupe ambayo pakiti yake imeandikwa haina asidi (acid-free). Sio gazeti, gazeti lina asidi tele na litakipaka njano kila kinacholigusa. Piga picha barua zote leo, zisome kwenye simu, za asili zipumzike. Fundi wa nyaraka akipatikana ataunga mipasuko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, kitu ambacho kesho kikihitajika kutoka kinatoka kwa unyevu kidogo. Mimi kipimo changu ndo hicho, kisichotoka nisikiweke.

Stempu zangu mpya zimegandana zote kwenye albamu ya plastiki, na albamu yenyewe inanuka kama pazia jipya la bafuni. Nimeweka na nafutalini kuzuia wadudu. Nikizipiga pasi zitaachana? (Mzee wa Posta, Unguja)

Shikamoo mzee wangu. Pasi hapana, itaipika gundi.

Hiyo harufu ndo jibu lenyewe, ni PVC, plastiki iliyolainishwa kwa kemikali ambazo zinatoka taratibu na kuingia kwenye stempu, na nafutalini nayo inazidi kuilegeza plastiki, mbali na kwamba mvuke wake sio mzuri kwa mapafu yako. Toa vyote viwili. Kugandana ni unyevu wa hapo visiwani, gundi ya stempu inaamka hewa ikishikwa na maji. Ziweke kwenye chombo chenye mfuniko, juu ya wavu, chini kitambaa kibichi, ziachane zenyewe kwa mvuke. Gundi utaipoteza kidogo, kubali. Wala gundi sio takatifu, kuna karatasi ya stempu ya Ujerumani ya 1935 iitwayo Ostropa ambayo gundi yake ilikuwa na asidi ya salfa, waliong'ang'ania kuiacha na gundi karatasi imeliwa, walioiosha bado wanayo.

Masika ikija, albamu isimame wima, mbali na ukuta wa nje, na uifungue mara kwa mara ipate hewa. Wadudu zuia kwa usafi.

Nina barua ya babu kutoka Zanzibar, nimeiwekea fremu sebuleni karibu na dirisha. Wino unapotea. (Binti, Muscat)

Ishushe leo, wino uliopauka haurudi. Piga skani nzuri, chapisha nakala uiweke kwenye fremu ile ile, ya asili kaa nayo kabatini gizani. Nakala ikipauka unachapisha nyingine.