Maji Kujaa na Kupwa: Maswali Yenu Kuhusu Mawimbi ya Korona

Katika safu iliyopita nilieleza jinsi nilivyofuata kupanda na kushuka kwa korona nchini Kenya kwa daftari la hesabu na penseli, tangu kisa cha kwanza kilipotangazwa tarehe 13 Machi 2020. Maswali mliyoniletea ni mengi kuliko nafasi niliyo nayo, kwa hiyo nimeteua sita, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mwalimu, kwa nini mliyaita mawimbi? Sisi wavuvi tunajua kwamba wimbi huvunjika papo hapo na jingine likaja nyuma yake. (Msomaji, Malindi)

Umenishika, na sina pa kukimbilia. Neno hilo limekwisha kuzoeleka, lakini mwenendo wenyewe ulifanana zaidi na maji kujaa na kupwa, kwa sababu maji huanza kuingia kwenye mikoko muda mrefu kabla ya aliyekaa ufukoni kuyaona. Tofauti ni kwamba bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) vina kalenda ya mwezi, na mvuvi huvijua kabla ya kufika, ilhali ugonjwa hauna mwezi. Unachokuwa nacho ni kuzidishana. Tuseme watu 10 wanaambukiza 13, nao wanaambukiza kwa kiwango hicho hicho: baada ya mizunguko mitano, wapya ni 37. Sasa tuseme watu 10 wanaambukiza 8 tu: baada ya mizunguko ile ile mitano, wapya ni 3. Kati ya 13 na 8 hapaonekani umbali mkubwa, lakini hapo ndipo kujaa kulipoachana na kupwa, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kuonyesha siku moja na kusema kwamba wimbi lilianza siku hiyo.

Nakumbuka Jumatatu tuliambiwa visa vimepungua, tukafurahi, na kufika Alhamisi vimeongezeka tena. Je, tulikuwa tukidanganywa? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, ingawa hasira yako ninaielewa. Ukurasa wangu wa Julai 2020 una meno kama msumeno, na nilichukua majuma kadhaa kugundua kwamba sehemu kubwa ya meno yale haikuhusu kirusi hata kidogo. Mwishoni mwa juma watu wachache huenda kupimwa, maabara hupokea sampuli chache, na majibu yake hutoka siku moja au mbili baadaye. Hivyo Jumatatu yenye visa vichache mara nyingi ilikuwa Jumatatu yenye sampuli chache.

Baada ya hapo nilichora safu tatu badala ya moja: sampuli zilizopimwa, visa vilivyopatikana, na asilimia ya visa katika sampuli, yaani kile kilichoitwa kiwango cha maambukizi katika taarifa za kila siku. Chukua mfano huu wa kubuni. Siku ya kwanza zimepimwa sampuli 6,000 na visa 600 vimepatikana. Siku ya pili zimepimwa sampuli 3,000 na visa ni 450. Anayesoma safu ya visa peke yake atasema ugonjwa umepungua kwa robo, lakini kiwango kimetoka asilimia 10 hadi asilimia 15. Halafu, ili kuyasawazisha yale meno ya msumeno, chukua wastani wa siku saba, ambao kila mara una Jumapili moja ndani yake na kwa hiyo hauyumbishwi na Jumapili.

Hata asilimia hiyo ina kasoro yake, na hapa ndipo wengi waliponasa. Inategemea ni nani aliyepimwa. Mwaka 2020, madereva wa malori walipimwa kwa wingi katika mipaka kama Malaba na Namanga, na baadaye wasafiri wenye afya zao walipimwa kwa ajili ya cheti tu. Wasafiri wa namna hiyo wakiongezeka, kiwango hushuka bila ugonjwa kushuka; wakipimwa wagonjwa wa wodini peke yao, kiwango hupanda bila ugonjwa kupanda. Kwa hiyo nilipoona asilimia imeruka ghafla, nilijizoeza kutazama kwanza idadi ya sampuli kabla sijashtuka.

Kaka yangu alifariki Julai 2021 hapa Kisumu, wakati tukisikia kwamba maambukizi mapya yameanza kupungua. Hilo liliwezekanaje? (Msomaji, Kisumu)

Pole sana, dada. Mkoa wenu ndio uliopigwa mapema na aina ya kirusi iliyoitwa Delta, hata tarehe 17 Juni mwaka ule serikali ikaziwekea kaunti 13 za eneo la Ziwa na magharibi masharti makali kuliko sehemu nyingine za nchi. Takwimu za vifo huja nyuma ya takwimu za maambukizi kwa sababu ya safari ya ugonjwa wenyewe: mtu huambukizwa leo, dalili huanza baada ya siku tano hivi, hali yake ikiwa mbaya hulazwa juma moja baada ya dalili, na wanaofariki wengi hufariki wiki mbili au tatu tangu dalili zilipoanza. Siku maambukizi yanapoanza kushuka, wale walioambukizwa wakati wa kilele bado wako vitandani wakihitaji oksijeni. Tangazo kwamba visa vimepungua lilikuwa kweli kwa aliyekuwa bado mzima, lakini kwa familia iliyokuwa na mgonjwa wodini lilisikika kama dhihaka, na nadhani watangazaji wangalifanya vyema kulieleza jambo hilo kila mara.

Wimbi la kwanza lilishushwa na kafyu, au lilijishukia lenyewe? (Msomaji, Thika)

Hili ndilo swali lililonikosesha usingizi. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, na mwezi wa Aprili Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, watu wasiingie wala kutoka. Julai milango ya kaunti hizo ikafunguliwa, visa vikafikia kilele karibu na mwisho wa mwezi huo na mwanzo wa Agosti, kisha vikashuka, kafyu ikiwa bado ipo. Kufikia Septemba kiwango kilikuwa asilimia 4 hivi, mabaa yakafunguliwa, na mwisho wa Oktoba kiwango kilikuwa karibu asilimia 16. Ukisoma tarehe hizo harakaharaka, utasema baa ndiyo iliyoleta wimbi la pili, na walevi wakabebeshwa mzigo wote.

Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao huko Kilifi walitoa maelezo ambayo kwangu yana uzito zaidi. Walipopima damu ya wachangiaji zaidi ya 3,000 kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, waliona kwamba takriban asilimia 4.3 ya Wakenya walikuwa na kingamwili, yaani alama katika damu kwamba mtu amewahi kuambukizwa, wakati ambapo visa vilivyotangazwa nchi nzima vilikuwa elfu chache tu. Maana yake ni kwamba wengi waliambukizwa wakapona bila kuingia katika hesabu ya mtu yeyote. Baadaye waliunganisha takwimu hizo na mienendo ya watu, wakaona kwamba wimbi la kwanza lilipita hasa kwa wakazi wa mijini wenye kipato kidogo, wale ambao kukaa nyumbani kulimaanisha kulala njaa, na kwamba wimbi la pili lilitokea pale wenye nafasi, waliokuwa wamejifungia, walipoanza kutembea tena. Fikiria moto wa nyasi uliokwisha kula upande mmoja wa kijiji ukazimika kwa kukosa cha kuchoma, huku upande wa pili wa barabara nyasi zikiwa bado zimesimama.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kafyu na milango iliyofungwa vililigawa wimbi moja vipande viwili, na hilo si jambo dogo kwa nchi yenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi. Mawimbi yaliyofuata yana hadithi tofauti, kwa sababu kirusi chenyewe kilibadilika. Machi 2021, baada ya aina za Alpha na Beta kuingia, kiwango kilifika asilimia 22, na Rais Uhuru Kenyatta akafunga kaunti tano, Nairobi ikiwemo. Omikron, iliyotangazwa kutoka kusini mwa Afrika mnamo Novemba 2021, ilipandisha kiwango cha Kenya kupita asilimia 30 mwishoni mwa Desemba, na kufikia katikati ya Februari kiwango kilikuwa chini ya asilimia 5. Safari hiyo kafyu ilikuwa imekwisha kuondolewa tangu Oktoba, na wimbi likashuka vivyo hivyo.

Sisi huku takwimu zilikoma mapema. Je, mawimbi yetu yatajulikana vipi? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli: Tanzania ilitangaza kisa cha kwanza tarehe 16 Machi 2020, ikafikisha visa 509 na vifo 21 kufikia mapema Mei, kisha ikanyamaza hadi Rais Samia Suluhu Hassan aliposhika uongozi na kuunda kamati ya wataalamu. Lakini ugonjwa huacha alama nje ya vitabu vya wizara. Mapema mwaka 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa, naye alifariki tarehe 17 Februari. Mawimbi ya nchi jirani nayo hayakusimama mpakani kuonyesha pasi.

Kwa hesabu pana zaidi, Shirika la Afya Duniani lililinganisha vifo vyote vya mwaka 2020 na 2021 na vile ambavyo vingetarajiwa, likapata ziada ya takriban milioni 14.9 duniani, karibu mara tatu ya vifo vilivyoripotiwa kuwa vya korona. Na mjini Lusaka, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima maiti 364 katika chumba cha kuhifadhia maiti na kukuta kirusi katika karibu asilimia 16, ilhali ni wachache sana kati ya hao waliopimwa walipokuwa hai.

Siku hizi hatusikii takwimu zozote. Nani anatazama, na anatazama nini? (Msomaji, Eldoret)

Hali ya dharura ya kimataifa iliondolewa tarehe 5 Mei 2023, na upimaji wa watu wengi ulikwisha nayo. Njia mojawapo iliyobaki ni maji taka, maana aliyeambukizwa hupitisha vipande vya kirusi chooni hata kama hana dalili wala nauli ya kwenda kliniki. Njia hiyo si ngeni kwetu: mwaka 2018 kirusi cha polio kilipatikana katika maji taka ya Eastleigh, Nairobi, kabla mtoto yeyote hajaonekana amepooza. Mhudumu hufunua mfuniko wa shimo la maji taka asubuhi, hushusha chombo kwa kamba, huchota lita moja hivi, huiweka kwenye barafu na kuipeleka maabara.