Je, Riwaya ya Kigothiki Ni Lazima Iwe na Mzuka?

Swali: Mwalimu wetu wa fasihi ameiweka Jane Eyre ya Charlotte Brontë miongoni mwa riwaya zenye sifa za kigothiki. Nimeisoma hadi mwisho nisikute mzuka wa kweli hata mmoja. Kaida za utanzu huu ni zipi hasa?

Jibu: Ndugu msomaji, mzuka si sharti. Sharti, kwa maoni yangu, ni jambo la zamani ambalo waliopo wamelifungia mahali wakidhani limekwisha, nalo likakataa kukaa lilikofungiwa. Ngome kuukuu, njia za chini kwa chini, laana na mshumaa unaozimika ghafla ni vyombo tu vya kazi hiyo.

Utazame mfano wa kwanza kabisa, The Castle of Otranto, ambayo Horace Walpole aliitoa London mnamo Desemba 1764 akijificha nyuma ya dai kwamba ni tafsiri ya kitabu cha Kiitaliano kilichochapwa Naples mwaka 1529. Alikiri kuwa mtunzi ni yeye katika toleo la pili, na hapo ndipo alipoiita hadithi ya kigothiki, neno lililohusishwa wakati huo na Zama za Kati. Humo, kofia kubwa ajabu ya chuma inamponda kijana siku ya harusi yake, na baba yake, Manfred, anaazimia kumwoa yeye mwenyewe yule bibi harusi ili apate mrithi. Kofia haikuanguka bure: babu yake Manfred alimuua kwa sumu mwenye ngome, akairithi kwa wosia wa kughushi.

Mwaka 1794, katika The Mysteries of Udolpho, Ann Radcliffe alithibitisha kwamba mzuka waweza kuondolewa na hofu ikabaki. Emily, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anafunua pazia jeusi, anazimia, na msomaji anasubirishwa karibu hadi mwisho wa kitabu ndipo aambiwe kuwa nyuma ya pazia palikuwa na sanamu ya nta. Jibu lenyewe, nakiri, linakatisha tamaa. Ufundi umo katika kule kusubirishwa. Ni Radcliffe huyohuyo aliyetofautisha hofu ya kisichoonekana wazi, inayoiamsha nafsi, na kitisho kilichoanikwa machoni, kinachoigandisha.

Sasa irudie Jane Eyre, ya mwaka 1847. Kicheko cha usiku katika jumba la Thornfield, moto kitandani mwa Rochester, mwenye jumba hilo, na shela lililoraruliwa vyote vinatoka kwa mtu aliye hai, Bertha Mason, mke ambaye Rochester alimwoa Jamaica na kumficha ghorofa ya juu. Siri hiyo inafichuka kanisani, Jane akiwa amesimama tayari kufungishwa ndoa na Rochester, yaani siku ileile ya harusi ambayo Walpole aliichagua kuangushia kofia yake.