Mwanangu, ulichoniuliza kuhusu taka, mkaa na Ziwa Victoria letu

Marahaba mwanangu. Salamu za mkamwana wangu nimezipata, na nasikia mjukuu ameanza kusimama dede, Mungu amkuze.

Meseji yako niliisoma nikiwa Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, katikati ya kelele za wapakiaji, nikaona swali lako halijibiwi kwa mistari miwili, ndo maana nimesubiri nikae vizuri. Uliniuliza hivi: "Mama, mi nitenganishe taka, nipunguze mkaa, nibebe kikapu sokoni, wakati mtaa mzima wanachoma taka na mvua ikinyesha wanatapisha vyoo, kinyesi kinaenda na maji ya mvua, sasa mimi napata nini? Na ofisini nikianza hayo mambo si watanicheka?" Swali zuri baba, wala sio la mtu mvivu, ni la mtu mwenye familia anayehesabu hela yake. Na mi nakujibu kama mtu wa biashara: faida ya kwanza inaingia kwako, kwenye mfuko wako na kwenye kifua cha mtoto wako, kabla haijafika kwa jirani na kabla haijafika ziwani. Ingekuwa yote inaishia kwa watu wengine wala nisingekusumbua hivi kila ukinipigia.

Tuanze na jiko maana hapo ndo pesa yenu inapotokea mlangoni. Nilipokuja kwenu nimemuona mkamwana mvua ikianza anaingiza jiko la mkaa ndani, anafunga dirisha kwa sababu ya upepo, na mtoto amelala chumba cha pili. Hilo tu lingetosha. Moshi wa mkaa unaouona sio mbaya kama ile hewa usiyoiona, haina harufu, mtu anasinzia haamki, na hizi habari za familia kukutwa zimekufa ndani na jiko la mkaa mmezisikia kila msimu wa baridi. Alafu tuje kwenye hela, nyie mnanunua mkaa wa kupima kwenye kopo, na mkaa wa kopo ndio ghali kuliko wote, ukijumlisha mwezi mzima unakuta umenunua gunia na zaidi bila kuliona gunia lenyewe. Maharage ndo yanakula mkaa kweli kweli. Sasa yale majiko ya presha ya umeme, unaloweka maharage usiku, asubuhi unayatia, chini ya saa moja yameiva na hayafikishi uniti moja ya Luku, ule umeme wa kulipia kabla, na uniti hata kwa bei yetu hii ya kawaida ni shilingi mia tatu na hamsini na kitu. Piga hesabu mwenyewe na mkaa wa maharage ya siku moja. Sikwambii utupe jiko la mkaa kesho, umeme unakatika na samaki wa kuchoma ni wa mkaa, ila maharage, makande, nyama ngumu, hivyo vihamishe, na chai ihamie kwenye gesi. Serikali yenyewe imeweka mkakati wa mwaka 2024 mpaka 2034 kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, kwaiyo huko ndo tunakoelekea wote, afadhali ufike mapema ule faida mapema.

Na miti inayochomwa mkaa haikatwi hewani, inakatwa huko vijijini na kwenye vilima, mvua ikija udongo unashuka wote. Pita mto Mirongo mvua ikikatika, simama darajani uangalie rangi ya yale maji yanavyoingia ziwani, mekundu ya tope, juu yanaelea chupa, kandambili, vifungashio. Hilo tope linabeba mbolea na uchafu wote wa njiani.

Sasa taka. Nataka ufanye kitu kimoja, chukua ule mfuko wenu wa taka wa siku mbili, mwaga kwenye turubai nyuma ya nyumba, uangalie. Utakuta maganda ya ndizi na viazi, vijiti vya matembele, mabaki ya ugali, magamba na mashavu ya sato, majivu ya mkaa, hayo peke yake ni zaidi ya nusu, na ndio yanayonuka na kuita nzi. Kinachobaki ni chupa za plastiki, nailoni, makaratasi, na pampasi za mtoto. Yaani taka yenyewe hasa ni kidogo, tunaifanya kubwa kwa kuichanganya.

Hayo yanayooza huku kwangu mlimani Kirumba ambako udongo mtu unaununua ni mali. Natumia kiroba kile cha plastiki cha kusukwa, kikuukuu, natoboa matundu pembeni na chini, naanza na majani makavu, juu yake maganda, alafu udongo kidogo, alafu majani makavu tena, majivu nanyunyizia kiganja tu yakizidi yanaharibu. Matumbo ya samaki nayafukia katikati kabisa nafunika na udongo, ukiyaacha juu paka wa mtaa mzima wanahamia kwako. Nakigeuza mara kwa mara, nikikishika mkononi kiwe na unyevunyevu lakini kisichuruzike. Kikianza kunuka ujue maji yamezidi, ongeza majani makavu. Baada ya miezi miwili mitatu maganda huyaoni tena, imekuwa mboji nyeusi inayomung'unyika, inanukia kama msituni baada ya mvua. Mchicha wangu na chainizi nalima humo humo kwenye viroba, na sijanunua mboga za majani muda mrefu sasa. Wewe Buhongwa una uwanja kabisa, unashindwaje?

Chupa usizitupe wala usizichome, weka kwenye kiroba chake, vijana wanaookota wanapita, wanazipima kwa kilo. Kama hutaki hela yao wape bure, ni riziki ya mtu. Kuchoma ndo nakukataza kabisa, plastiki ikiungua ule moshi una sumu zinazokaa mwilini, na anayeuvuta kwanza ni yule anayecheza uwanjani, mjukuu wangu.

Pampasi najua hamtanisikiliza zote ila nisikilize nusu. Usiku mvalisheni pampasi mlale, mchana akiwa nyumbani mvalisheni nepi za kitambaa, mlivyokua nyie ndo hizo hizo, zinafuliwa zinaanikwa juani zinakauka. Angalia pakiti mnazonunua kwa mwezi zitapungua kiasi gani. Na pampasi haiozi upesi mwanangu, sehemu kubwa ni plastiki, ikitupwa mtaroni inavimba inaziba, alafu mvua ikija maji yanaingia ndani kwa watu. Na wewe unakaa Buhongwa, malori ya taka za jiji yanapita hapo kwenda dampo, unaijua hiyo harufu kuliko mimi. Kila kinachopungua kwenye mapipa yetu kinapungua huko kwenu.

Sasa nikupeleke kwenye ziwa maana wewe umesomeshwa na dagaa na sangara, usilione ni mandhari tu ya kupigia picha kule Kapripoint. Ziwa Victoria ni kama beseni kubwa lenye kitundu kimoja. Maji yake mengi, kama asilimia 80, ni ya mvua inayoliangukia lenyewe, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja Uganda. Mengi yanaondoka kwa kukauka na jua, na jua likikausha maji haliondoki na plastiki wala mbolea wala sabuni, vinabaki. Ndo maana kinachoingia leo kitakaa mpaka mjukuu azeeke. Hata sangara hakuwepo, aliletwa na watu miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 furu wetu, wale samaki wadogo wa asili, aina kwa mamia, wengi wakapotea kwa kuliwa naye. Mkono wa binadamu kwenye hili ziwa haufutiki kirahisi.

Kuna utafiti ulitoka 2016, wataalamu walinunua sangara na sato hapa hapa sokoni Mwanza, wakapasua matumbo wakapima, katika kila aina samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na vipande vya plastiki. Hapa hapa Mwanza baba. Mteja wangu akiniuliza hilo nimjibu nini? Na gugumaji lile linaloziba mialo, mitumbwi inashindwa kutoka, asili yake Amerika ya Kusini, lilisumbua sana miaka ya 1990 mpaka wakaleta wadudu mbawakavu wa kulila, na likapungua kweli, lakini linarudi kila mara kwa sababu tunalilisha sisi, chakula chake ni huo uchafu wa vyoo na mbolea unaoshuka. Maji yakishajaa mbolea yanageuka kijani, mimea ikioza hewa inaisha majini, samaki wanakimbilia mbali, mvuvi anachoma mafuta mengi kuwafuata, na mafuta yakipanda bei ya dagaa inapanda. Hapo ndo unaona taka ya mtaroni inavyorudi kwenye sahani yako.

Kutapisha vyoo ndo kunaniuma kuliko yote. Kinyesi kikifika ziwani kinabeba mayai ya kichocho, yanaanguliwa majini, vijidudu vinaingia kwa konokono wa kwenye maji ya kina kifupi, kisha humo vinatoka vijidudu vinavyopenya ngozi ya mtoto anayeoga au kuchota maji. Na kipindupindu nacho kinatoka kwenye kinyesi hicho hicho, mtu akiyanywa hayo maji. Hili peke yako hulimalizi, nakubali, na wala sisemi kaya moja ibebe mzigo wa jiji. Wenye viwanda na halmashauri wana sehemu yao kubwa kuliko yetu, na kuna kazi imefanyika, kama yale mabomba membamba ya majitaka yaliyolazwa kwenye vilima vya Igogo na Mabatini ambako gari la kunyonya haliwezi kupanda. Ila kwenu gari linafika. Kaeni nyumba nne tano zinazopakana, mchangiane, gari likija linanyonya kwenu wote siku moja mnapatana bei. Jirani wengi wanatapisha kwa sababu peke yao hawaimudu ile hela, sio kwamba wana roho mbaya.

Umesema mtaa mzima hawafanyi. Kumbuka rambo, ile mifuko ya plastiki. Kabla haijapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ungemwambia mtu soko la Kirumba litakaa bila mifuko ya rambo angekuona umechanganyikiwa, kila mtu alikuwa anasema mimi mmoja nitabadilisha nini. Leo mtu anatoka nyumbani na kikapu au mfuko wake bila hata kufikiri. Ni kweli sheria ilisukuma, na ni kweli vile vifungashio laini vimerudi kinyemela vinafanywa mifuko, hilo linanikera, lakini tabia ya watu wengi ilibadilika na sisi tuliishuhudia. Na huku kwangu watu hawakuanza viroba vya mboji kwa sababu niliwahubiria. Jirani aliona nachuma mchicha kiangazi akaja kuuliza, sasa na yeye anacho, na dada yake anayekaa Pasiansi anacho. Mtu anaiga kinachomfaidisha mwenzie. Kwaiyo wewe fanya kwako, ushibe, wakuone umeshiba.

Ofisini usianze na hotuba, hapo wangekucheka kweli. Anza na bili. Wewe uko uhasibu, unaona Luku ya ofisi na pesa ya karatasi na maji ya chupa. Chapeni pande mbili, kiyoyozi kiwekwe nyuzi 24 au 25 badala ya hiyo 18 inayowavalisha watu sweta hapa Mwanza, lile dumu kubwa la maji na vikombe badala ya katoni za chupa ndogo, mashine zizimwe jioni. Mpelekee bosi karatasi moja yenye namba za miezi mitatu, kabla na baada. Bosi anayeokoa hela hachekwi na mtu.

Kuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi, mwezi huu nakuja kwenu. Mwambie mwenyekiti wa mtaa mtaanza na ule mtaro wa kona, na taka mkishazizoa guta liwe limeshaitwa, maana mkizirundika pembeni mvua ikinyesha zinarudi mtaroni. Nakuja na mboji ndoo mbili na mbegu za mchicha, we niandalie viroba na majani makavu, usiyachome. Na lile simtanki la maji ya mvua, limekaa tupu tangu mlipohamia na huku mnalia mgao, mwite fundi aweke gata na wavu pale juu, mvua ya kwanza muiache ipite ioshe bati, inayofuata ndo mkinge. Usimlipe hela yote mpaka wavu uwe umefungwa.

Mbusu mjukuu.

Mama yako