Cheni ya tingatinga inachomoka kila nikikata kona

Swali: Tingatinga langu la zamani cheni ya kushoto inachomoka kila nikikata kona, nimekaza mpaka basi lakini wapi. Ninunue mpya?

Jibu: Usinunue kwanza ndugu, na hiyo cheni ilegeze leo leo maana ikikazwa sana ndo inakula bushi (mirija ya chuma inayovaa pini za cheni) na sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni). Cheki pini na bushi, zikilika upande mmoja cheni inarefuka, hapo fundi mwenye presi (mashine ya kusukumia pini) anazigeuza nusu duara ule upande ambao haujalika uanze kazi, ila bushi ikishapasuka umechelewa. Angalia pia kama gurudumu la mbele limenyooka, na hali ya rola, vile vigurudumu vya chini vinavyopita juu ya cheni. Halafu tafadhali sana, kama inakazwa kwa grisi, ukilegeza valvu yake ifungue taratibu na usikae mbele yake, presha ile inapenya ngozi kabisa.